Sura ya 6: Kukunjua Bila Kuchana

Carl Friedrich Gauss alifariki mjini Göttingen, Ujerumani, mwezi Februari 1855. Mwili wake ulizikwa, ubongo wake ukabaki. Rudolf Wagner, profesa wa fiziolojia katika chuo kikuu cha mji huo, aliuchukua kwa idhini ya familia, akaupima, akapata gramu 1,492. Uzito huo umezidi wastani kwa kiasi kidogo tu. Mwanahisabati mkuu wa zama zake alibeba kichwani mzigo ambao mkulima yeyote wa Göttingen angeweza kuwa nao.

Uzito uliposhindwa kusema kitu, macho yakahamia kwenye mikunjo. Wagner alikuwa na mtoto wa kiume, Hermann, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanajiografia mwenye jina. Tasnifu yake ya udaktari hata hivyo haikuhusu mito wala milima. Ilihusu uso wa ubongo: ukipima kila tuta na kila mfereji, uso huo una eneo gani? Kwa ubongo wa Gauss, Hermann alitoa jibu la milimita za mraba 219,588.

Napenda namba hiyo kwa ukaidi wake, kwamba imefika hadi kwenye ile 8 ya mwisho kana kwamba ni shamba lenye hati. Ukiigeuza ni kama sentimita za mraba 2,200, yaani kitambaa cha sentimita 47 kwa 47. Kipande kimoja cha kanga kingefunika bongo saba hivi. Kitambaa hicho ndicho gome la ubongo, tabaka la kijivu la nje lenye unene wa kati ya milimita 2 na 4, ambamo mna seli za neva zipatazo bilioni 16. Kimefinyangwa kikaingia ndani ya fuvu, na karibu theluthi mbili zake zimezama ndani ya mifereji, hazionekani hata ukiushika ubongo mkononi.

Swali la Hermann lilikuwa, kwa kweli, swali la marehemu mwenyewe. Katika miaka ya 1820 Gauss alizunguka ufalme wa Hanover akipima ardhi kwa kifaa alichokibuni yeye, kioo cha kurusha mwanga wa jua ili kilele kimoja kionekane kutoka kilele kingine kilicho mbali. Kazi hiyo ilimrudisha tena na tena kwenye fumbo la wachora ramani wote: unawezaje kuuhamishia uso uliopinda kwenye karatasi bapa? Mwaka 1827 alilijibu kwa kanuni aliyoiita, kwa Kilatini, kanuni ya ajabu.

Chukua kikaratasi cha muuza karanga, kile kilichosokotwa kama pia. Kimepinda, kila mtu anaona. Lakini ukimaliza karanga zako unakifungua na karatasi inarudi kuwa bapa, haina mkwaruzo wala mpasuko. Sasa chukua ganda la chungwa ulibandike mezani. Ama litapasuka, ama utalivuta. Gauss alionyesha kwamba tofauti hiyo imo ndani ya uso wenyewe. Sisimizi anayetembea juu ya ganda, asiyewahi kuliacha wala kuliona kwa mbali, anaweza kuigundua kwa kupima umbali na pembe pale alipo. Mpindo wa kikaratasi cha karanga, kwa hesabu ya sisimizi, ni sifuri. Wa chungwa si sifuri, na hakuna fundi atakayeunyoosha bila kuharibu ama umbali, ama pembe, ama eneo.

Sote tumeuona uharibifu huo ukutani darasani. Ramani ya Mercator, ya mwaka 1569, ililinda pembe ili nahodha ashike mwelekeo, ikatoa maeneo kafara: Greenland ikavimba ikaonekana inalingana na Afrika, ilhali Afrika inaizidi takriban mara 14.

Basi gome la ubongo ni kikaratasi cha karanga au ni ganda la chungwa? Vyote viwili, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kuta za mifereji, zile sehemu ndefu zinazoteremka kwa utulivu, zinakaribia kikaratasi. Vilele vya matuta vimevimba kama chungwa, na palipo na makutano kuna maumbo ya tandiko la farasi, yaliyopinda juu upande huu na chini upande ule. Hesabu inasema kitu kimoja zaidi, nacho kinanistaajabisha kila ninapokirudia. Ukijumlisha mpindo wote wa uso uliofungika usio na tundu, kila uvimbe ukiwa chanya na kila tandiko hasi, jumla ni ileile ya tufe laini. Kunja upendavyo, finyanga upendavyo, mikunjo inalipana madeni yenyewe kwa yenyewe na salio halibadiliki.

Kwa hiyo ramani kamilifu haipo. Kwa nini basi watu waling'ang'ania kuichora?

Simama Iten, ukingoni mwa Bonde la Kerio, utazame ng'ambo. Milima ya Tugen unaiona kama ya kushika. Panda gari uifuate na utajua: barabara inateremka kwa kona hadi chini bondeni, kisha inaanza kupanda upya. Umbali wa jicho na umbali wa safari ni vitu viwili. Ndani ya ubongo, sehemu mbili za gome zinaweza kutazamana kwenye kuta mbili za mfereji mmoja, milimita chache tu kati yao, lakini ukitembea juu ya gome lenyewe ziko mbali, na kazi zake hazina udugu. Mtafiti anayepima shughuli za ubongo kwa mashine ya MRI na kulainisha picha yake kwa kuchanganya kila nukta na majirani zake wa angani, anachanganya Iten na Tugen. Anapata doa moja la rangi mahali ambapo palistahili madoa mawili, au pasipostahili doa lolote. Ni kosa la jiografia, wala si la mashine.

Dawa ni kuacha kuutazama ubongo kama donge na kuanza kuutazama kama kitambaa. Mwaka 1999 Anders Dale, Bruce Fischl na Martin Sereno walitoa makala mbili zilizoeleza njia nzima, na programu iliyotokana na kazi hiyo, FreeSurfer, inatumika hadi leo katika maabara nyingi duniani. Picha ya MRI huja ikiwa vijidonge vya mchemraba, kwa kawaida milimita moja kila upande. Programu hutafuta mpaka kati ya gome la kijivu na sehemu nyeupe iliyo chini yake, kisha huufunika mpaka huo kwa wavu wa pembetatu ndogondogo, zaidi ya laki mbili kwa kila nusu ya ubongo.

Wavu wa kwanza huwa na makosa. Picha ikitikisika kidogo, kuta mbili za mfereji zinagusana na wavu unaunganisha kisichoungana, kama mkono wa kikombe ulioota mahali pasipo pake. Kompyuta haina jicho la kuliona kosa hilo, lakini ina hesabu ya Leonhard Euler ya karne ya 18. Hesabu vipeo vyote vya wavu, toa kingo, ongeza nyuso. Wavu unaoweza kupulizwa ukawa tufe hutoa 2 daima, uwe na pembetatu nane au milioni nane. Kila mkono wa kikombe hupunguza 2. Ukipata 0, kuna mkono mmoja. Ukipata hasi 38, kuna ishirini, na kazi ya kuitafuta na kuikata inaanza. Watafiti wamegundua baadaye kwamba namba hiyo, kabla ya usahihishaji, inafichua hata tabia ya mgonjwa: aliyetingisha kichwa ndani ya mashine huacha wavu wenye matundu mengi, hivyo Euler, aliyekufa mwaka 1783, amegeuka mkaguzi wa ubora wa picha za hospitali.

Wavu ukishasafishwa, unapulizwa. Mikunjo inafunguka polepole hadi mifereji yote inatokeza juani, na mwishowe nusu nzima ya ubongo inakuwa tufe. Mbona si karatasi bapa? Kwa sababu karatasi bapa inadai mkasi. Lazima uchane mahali, na ukishachana, majirani wa pande mbili za mpasuko wanakuwa wageni. Wapo wanaochana, hasa wanaotaka kuchungulia sehemu ndogo kama ile ya kuona iliyo kisogoni. Tufe hata hivyo lina faida kubwa: kila mtu ana tufe. Ubongo wangu na wako haufanani mikunjo, lakini matufe yetu yanaweza kuwekwa moja juu ya jingine na kuzungushwa, kuvutwa hapa na kulegezwa pale, mpaka mifereji mikuu ilale mahali pamoja. Kisha kila nukta inapewa anwani. Tufe la kawaida la FreeSurfer lina anwani 163,842 kwa kila nusu, na namba hiyo haikuokotwa. Anza na umbo la nyuso 20 lenye vipeo 12, gawa kila pembetatu kuwa nne, rudia mara saba: 12, 42, 162, 642, hadi utakapofika.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba gome ni kitambaa chembamba. Lakini lina unene, na unene huo una habari.

Mwaka 1776 mwanafunzi wa udaktari huko Parma, Italia, Francesco Gennari, aligandisha ubongo kwa barafu na kuukata. Kisogoni, ndani ya lile gome la kijivu, aliona mstari mweupe ukienda sambamba na uso. Ulikuwa ushahidi wa kwanza kwamba gome si kitu kimoja kutoka juu hadi chini. Karne iliyofuata darubini na rangi zilionyesha matabaka, kwa sehemu kubwa sita, na mwaka 1909 Korbinian Brodmann akachapisha ramani aliyoigawa kwa jinsi matabaka hayo yanavyobadilika unene na msongamano kutoka mahali hadi mahali. Namba zake bado zinatumika. Daktari akisema eneo la 17, anataja palepale alipoona Gennari.

Sasa jaribu kuupima unene huo. Inaonekana kazi ya rula: kutoka ukuta wa ndani hadi wa nje, kwa njia fupi. Lakini uso uliokunjamana unakucheza shere. Kutoka nukta ya ndani, nukta ya nje iliyo karibu zaidi ni moja. Kutoka nukta hiyo ya nje, iliyo karibu zaidi ndani mara nyingi ni nyingine kabisa. Kwenda ni milimita mbili na nusu, kurudi ni mbili. Kipimo kisichokubali kurudi nyumbani kwa njia kilichoendea hakifai.

Mwaka 2000 Stephen Jones na wenzake wawili walileta suluhisho kutoka kwa Mfaransa Pierre-Simon Laplace. Fikiria ukuta wa ndani wa gome umekalia barafu na wa nje umegusa maji yanayochemka. Ngoja mpaka joto litulie. Hapo kila nukta ya katikati ina joto lililo sawa kabisa na wastani wa majirani zake wa pande zote, na hilo ndilo, kwa lugha ya kawaida, linalosemwa na mlinganyo wa Laplace. Mistari ambayo joto linapitia kutoka nje kwenda ndani haikatani kamwe. Kila nukta ya nje inapata mwenzake mmoja wa ndani, na mwenzake huyo anamrudia yeye. Urefu wa mstari ndio unene. Hakuna kinachochemka, bila shaka. Kompyuta inahesabu wastani, inahesabu tena, mpaka namba zinaacha kusogea.

Ni njia nzuri, ila joto halijui lolote kuhusu matabaka. Nukta zenye joto la 50 hazilali juu ya mstari wa Gennari. Aliyejua matabaka yanakolala alikuwa amekwisha kuandika miaka sabini na moja kabla, bila kompyuta.

Siegfried Thomas Bok, Mholanzi, alichapisha uchunguzi wake mwaka 1929. Alikuwa na vipande vya ubongo chini ya darubini, na alichokiona kilikuwa kimewasumbua wachoraji wa matabaka: kwenye kilele cha tuta matabaka ya ndani yananenepa na ya nje yanakonda, na chini kwenye sakafu ya mfereji mambo yanageuka. Je, hayo ni maeneo mawili tofauti ya ubongo? Bok alisema hapana, ni eneo moja lililopindwa. Bonge la unga ukilipinda, upande wa nje unavutika na kukonda, upande wa ndani unabanwa na kunenepa, lakini hakuna unga ulioongezeka wala uliopungua. Tabaka likishikilia theluthi ya ujazo mahali gome lilipo bapa, litashikilia theluthi kileleni na theluthi sakafuni. Unene ndio unaotii mpindo. Ujazo hautii.

Jaribu kwa kalamu. Chukua kilele cha tuta kama kipande cha bomba: ukuta wa ndani una nusu kipenyo cha milimita 2, wa nje milimita 5, kwa hiyo gome lina unene wa milimita 3. Katikati kwa rula ni milimita 1.5 kutoka kila upande. Katikati kwa ujazo ni kwingine, maana ujazo wa bomba unafuata vipeo vya pili. Mbili mara mbili ni 4, tano mara tano ni 25, jumla 29, nusu yake 14.5, na kipeuo chake cha pili ni kama 3.8. Nusu ya ndani ina milimita 1.8, ya nje 1.2. Kwenye sakafu ya mfereji bomba hilohilo limepinduliwa, na ya nje ndiyo inapata 1.8. Tofauti ya rula na ujazo ni theluthi ya milimita. Ni kidogo, lakini ndani ya gome la milimita tatu lenye matabaka sita, theluthi ya milimita inatosha kukutoa tabaka moja na kukutupa katika jingine.

Kwangu mimi hii ndiyo hesabu nzuri kuliko zote za sura hii, labda kwa sababu haikulazimisha mkunjo unyooke. Iliukubali, ikauliza ni kitu gani hauwezi kukigusa. Kwa miaka mingi haikuhitajika, kwa kuwa mashine hazikuona ndani ya gome. Zilipoanza kuona, kwa sumaku za tesla 7, Miriam Waehnert na wenzake huko Leipzig walizilinganisha njia tatu, rula, Laplace na Bok, mwaka 2014. Mstari wa Gennari na bendi nyingine ndani ya gome zilimfuata Bok.

Tahadhari inahitajika, na sioni ikitolewa mara za kutosha. Ukisoma kwamba watafiti wamepima shughuli katika "tabaka la nne" la mtu aliye hai, mara nyingi wamepima kina tu: sehemu kadhaa ya ujazo kutoka juu. Kina si tabaka. Kanuni ya Bok inakuambia mstari utakavyopinda ukishajua unapoanzia, haikuambii unapoanzia.

Kwa hilo kunahitajika seli zenyewe. Mwaka 2013 kundi la Katrin Amunts wa Jülich na Alan Evans wa Montreal lilitoa BigBrain: ubongo wa mwanamke aliyefariki akiwa na miaka 65, uliokatwa vipande 7,404, kila kimoja na unene wa maikromita 20, vikapakwa rangi, vikapigwa picha, kisha vikaunganishwa upya ndani ya kompyuta kuwa kitu kimoja cha pande tatu. Mwaka 2020 Konrad Wagstyl na wenzake waliifundisha kompyuta kuyatambua matabaka sita katika BigBrain nzima. Ni ramani ya mtu mmoja. Mamake mtu fulani, pengine, au shangazi, sasa ndiye kipimo cha wengine.

Njia ya Laplace nayo haikutupwa. Imepata kazi kwenye hipokampasi, kijisehemu cha kumbukumbu kilichojisokota kwa ndani hadi wazee wa anatomia wakakiita farasi wa baharini. Jordan DeKraker na Ali Khan, huko Ontario, Kanada, waliendesha joto la kufikirika katika pande tatu badala ya moja: mbele hadi nyuma, mwanzo wa msokoto hadi mwisho wake, ndani hadi nje. Kila nukta ikapata anwani ya namba tatu, na farasi akafunguka akawa mkeka. Kwa mgonjwa wa kifafa ambaye dawa zimemshinda, kovu kwenye hipokampasi ni moja ya vitu vya kwanza ambavyo daktari anavitafuta kabla ya kufikiria upasuaji, na mkeka unasomeka kirahisi kuliko msokoto.

Turudi Göttingen. Mwaka 1998 ubongo uliokuwa kwenye chupa yenye jina la Gauss ulipigwa picha za MRI. Renate Schweizer, mtafiti wa Taasisi ya Max Planck mjini humo, alizipitia picha hizo miaka mingi baadaye, akaona jambo nadra: mfereji wa kati, ule mkubwa unaokata ubongo kutoka juu kuelekea sikioni, ulikuwa umekatizwa na daraja la gome. Watu wachache sana wana daraja hilo. Akaenda kutazama michoro ambayo Rudolf Wagner aliichapisha katika miaka ya 1860. Ubongo wa Gauss, kwenye mchoro, haukuwa na daraja. Aliyekuwa nalo ni Conrad Heinrich Fuchs, daktari aliyefariki katika mji uleule mwaka uleule wa 1855.

Chupa zilikuwa zimebadilishana majina. Kwa zaidi ya miaka mia, waliotafuta siri ya Gauss katika mikunjo walikuwa wakiikagua mikunjo ya Fuchs. Kilichomrudisha Gauss kwenye jina lake hakikuwa mlinganyo wowote, ni mwanamke aliyekaa na mchoro wa zamani mkononi akafuata mfereji mmoja kwa jicho. Zile milimita za mraba 219,588, hata hivyo, ni zake kweli. Hermann alizipima kabla makosa hayajatokea.